Biskuti au Mchanga

Bukuru alikuwa amekwisha kupiga mkono wa kwanza kwenye ukuta wa dirishani, na rola yake ilikuwa bado inachuruzika rangi, pale Mwalimu Rogasian alipoingia sebuleni. Alisimama juu ya magunia yaliyotandikwa sakafuni, mikono nyuma kama alivyokuwa akisimama darasani, akautazama ukuta kutoka juu hadi chini.

"Hii ni rangi gani?"

"Shikamoo, Mwalimu," fundi akasema akigeuka.

"Marahaba. Nimeuliza, hii ni rangi gani?"

"Si ile mliyoleta kutoka mjini? Biskuti."

"Mimi sikuagiza Biskuti. Niliagiza Mchanga."

Bukuru akaitazama ndoo, akamtazama Mwalimu, kisha akaitazama tena ndoo. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, lakini huyu aliyesimama mbele yake ndiye aliyemshika mkono akamfundisha kuandika jina lake, na hadi leo hakujua namna ya kumwambia kwamba amekosea. Akaona heri aite msaada.

"Mama Esperansia! Hebu njoo kidogo huku."

Francisca alitoka jikoni akijifuta utomvu wa ndizi mikononi. Alipoelezwa, alicheka, maana alidhani mume wake anamtania fundi.

"Mwalimu, si wewe mwenyewe uliyesema Biskuti? Tulikuwa wote dukani."

"Nilisema Mchanga."

"Ulisema Biskuti. Ulisema ile nyingine ina wekundu."

"Mama, usinifundishe nilichosema. Nilisema Mchanga kwa sababu Biskuti ina umanjano."

Hakusema kwa hasira. Alisema taratibu, kwa ile sauti iliyokuwa ikinyamazisha darasa zima, na Francisca akaacha kucheka. Wekundu au umanjano? Alikuwa na hakika ya wekundu dakika moja tu iliyopita. Sasa maneno yote mawili yalikuwa yanazunguka kichwani mwake, na kila moja lilikuwa na sauti ya Mwalimu.

Nyuma ya mlango wa sebule kulikuwa na vipande viwili vya rangi, kila kimoja ukubwa wa sinia. Vilikuwa vya kujaribia. Felisiani, mwenye duka la rangi pale Ngara mjini, alikuwa amewapa vikopo viwili wakapake nyumbani na kuangalia kabla hajawachanganyia ndoo nzima. Kadi yake ya rangi ilikuwa na majina ya Kizungu, naye aliwatafsiria wateja alivyoweza: hii Biskuti, hii Mchanga. Zote mbili zilikuwa za aina ya krimu iliyopauka, kama chai yenye maziwa mengi iliyosahauliwa mezani.

Wakausogeza mlango, wakainama wote watatu.

"Biskuti ni hii," alisema Mwalimu, akigusa kipande cha kushoto.

"Mimi nadhani Biskuti ni hii ya kulia," alisema Francisca, bila nguvu.

"Wewe fundi, unasemaje?"

Bukuru alijikuna shingo. Kazi yake ilikuwa rangi, na mtu wa rangi hapendi kusema haoni. "Hapa nyuma ya mlango kuna giza, Mwalimu. Na ukuta ukishakauka, rangi inajigeuza."

"Jibu la mtu asiyejua," alisema Mwalimu, na Bukuru akaangalia chini kama mtoto. "Simamisha kazi. Tunakwenda mjini kuibadilisha."

Francisca alitaka kusema kwamba Jumamosi ilikuwa karibu. Siku hiyo watu wa Nyakisasa walikuwa wanakuja kumwomba binti yao. Barua ya posa ilikwisha kupokelewa, siku ikapangwa, na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyesema kwamba wageni hawawezi kukaribishwa katika sebule yenye plasta tupu, iliyobaki hivyo tangu nyumba ilipoezekwa. Lakini mume wake alikuwa amekwisha kuchukua kofia yake. Akaenda kubadili kitenge.

Dukani kulikuwa na watu: mafundi wawili waliokuja kununua msasa, na mama mmoja wa Murukulazo aliyekuwa akichagua kitasa. Felisiani aliwapokea kwa furaha, akawapa viti, hadi alipoiona ile ndoo iliyofunguliwa.

"Mwalimu, rangi ikishachanganywa hairudi. Mtu mwingine nitamwuzia vipi Biskuti iliyotumika?"

"Usingenipa Biskuti, isingetumika."

"Uliitaka wewe."

"Felisiani," Mwalimu akasema, na sasa sauti ilikuwa imepanda, "mimi nimefundisha watoto wa wilaya hii toka wewe hujui kuvaa suruali. Sijawahi kumdhulumu mtu, na sipendi kudhulumiwa. Nilisimama hapa, nikaweka kidole hapa, nikasema Mchanga. Unataka kuniambia sijui nilichosema?"

Mafundi waliacha kuzungumza. Yule mama wa Murukulazo alikiinamia kitasa chake kana kwamba kulikuwa na maandishi. Felisiani alikuwa amekunja uso, na ilikuwa wazi kwamba alikuwa na jibu, na kwamba jibu hilo lingekuwa baya. Kisha macho yake yalimgeukia Francisca, yakiuliza.

Francisca alikumbuka vizuri. Alikumbuka kidole cha Mwalimu juu ya ile kadi, na Felisiani akirudia, "Biskuti, Mwalimu, tumeelewana?" na Mwalimu akijibu, "Tumeelewana." Lakini pia aliona mishipa ya shingo ya mume wake imetutumka. Hakuwa amewahi kumwona akipayuka mbele ya watu.

"Ni mimi, Felisiani," akasema. "Mwalimu alisema Mchanga. Mimi nilikuambia Biskuti alipotoka nje kuongea na simu. Nilidhani ni moja."

Felisiani alijua kwamba si kweli. Mwalimu hakutoka nje, wala hakuongea na simu. Lakini alikuwa mfanyabiashara, na hapo alikuwa amepewa njia.

"Basi mama, ungesema mapema," akasema. "Nitawachanganyia Mchanga. Ila ile mtabaki nayo."

"Unaona?" Mwalimu akawageukia wale mafundi. "Wanawake na rangi." Wakacheka, na Francisca naye akacheka. Mchanga ulilipwa kwa fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kitenge kipya cha Jumamosi.

Wakiwa njiani kurudi, ndoo zote mbili zikiwa katikati ya miguu yao, Mwalimu alimwambia dereva wa gari walilokodi asimame karibu na shule aliyofundisha kabla ya kustaafu. Francisca alifikiri ameona mtu. Mwalimu akashuka, akaibeba ndoo mpya kwa mkono mmoja, akavuka uwanja moja kwa moja kuelekea ofisi ya walimu. Alitembea haraka, kama mtu aliyechelewa. Alipofika penye mlingoti wa bendera alisimama. Watoto waliokuwa wakifagia walimwamkia kwa pamoja. Hakuwaitikia. Aligeuka, akaliona gari, akamwona mke wake dirishani, akarudi taratibu.

"Mazoea," alisema akiingia, akacheka. "Miguu imejipeleka yenyewe."

Dereva naye akacheka. Francisca alishika mpini wa ndoo hiyo, akaushikilia mpaka nyumbani.

Bukuru alilalamika moyoni tu. Alifungua ndoo mpya, akapiga Mchanga kwenye ukuta wa picha ya Bikira Maria na ule wa mlangoni, akisema angerudia ule wa dirishani mwishoni. Esperansia alifika kutoka Biharamulo, alikokuwa akishona nguo karibu na stendi, akiwa na begi na keki aliyoinunua kwa ajili ya wageni. Alimwamkia baba yake kwa kupiga goti, akamkumbatia mama yake, akaanza kazi ya kusafisha ua.

Siku iliyofuata, Ijumaa, Mwalimu alitoka kunyoa ndevu, akapita sebuleni, akasimama.

"Nani kabadilisha rangi?"

Bukuru alikuwa juu ya ngazi. Hakugeuka. Rola yake iliendelea kupanda na kushuka mahali palepale.

"Fundi, nazungumza na wewe. Nilisema Biskuti. Ukuta huu una wekundu kama ngozi ya mzungu aliyechomwa na jua. Nani kakupa Mchanga?"

"Mwalimu..." Bukuru akaanza. "Wewe..."

"Nani?"

Bukuru alishuka ngazi. Alimtazama Francisca aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli la unga, na macho yake yalisema kwamba yeye ni fundi tu, ana nyumba nyingine za kwenda kupaka.

"Mwalimu," Francisca akasema, "tulikwenda wote mjini kuibadilisha. Ulimgombeza Felisiani. Hukumbuki?"

"Nilimgombeza Felisiani? Mimi?" Alicheka kwa mshangao wa kweli. "Felisiani ni mtu mwema. Ningemgombezea nini?"

"Kwa sababu ya hii rangi."

"Mama Esperansia." Sasa alikuwa anaona aibu kwa niaba yake, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko hasira. "Kama uliipenda hii nyingine, ungesema. Mimi ningekubali. Lakini usinizungukie, halafu uniambie nilikuwepo."

Alitoka akaenda zake migombani. Esperansia alikuwa amesikia yote kutoka uani. Aliingia na ufagio mkononi.

"Mama, kwa nini humsikilizi baba? Wageni ni kesho."

"Ni yeye aliyesema."

"Alisema Biskuti. Hata kwenye simu wiki iliyopita aliniambia, mwanangu, nimechagua Biskuti."

"Ndiyo. Alisema Biskuti. Halafu akasema Mchanga. Nami ndiye niliyesema Biskuti, akasema nimekosea, nikasema nimekosea mimi..." Alisikia maneno yake mwenyewe. Yalikuwa maneno ya mtu asiyejua anachosema. Esperansia alikuwa anamwangalia kwa uso ambao Francisca hakuwahi kuuona kwa mtoto wake, uso wa mtu anayepima.

"Umechoka, mama," binti akasema. "Pumzika. Nitapika mimi."

Francisca hakupumzika. Binti alipotoka, alifunga mlango wa sebule, akabaki nyuma yake na vile vipande viwili. Akavitazama kwa karibu, akavitazama kwa mbali. Akafumba jicho moja, kisha jingine. Kwa muda kile cha kushoto kilikuwa na wekundu, kisha kikawa na umanjano, kisha vyote vikawa kitu kimoja. Na hapo hofu ikamwingia: huenda ni yeye. Huenda hakukuwa na kidole juu ya kadi, wala "tumeelewana". Mama yake mkubwa aliwahi kuishi miaka yake ya mwisho akizungumza na kuku. Je, ilianza hivi? Mtu anajuaje kwamba ni yeye?

Alikwenda nyuma ya nyumba, akamkuta Bukuru akiosha brashi.

"Bukuru, mwanangu, niambie ukweli. Jana Mwalimu alisema nini?"

"Alisema Mchanga, mama."

"Una hakika?"

"Nina..." Bukuru alisita, maji yakimwagika. "Nilikuwa na hakika, mama. Jinsi alivyoniuliza leo, hata mimi sijui. Mwalimu hakosei."

Basi hakuna aliyejua. Francisca akamwambia aache kila ukuta ulivyo, afungashe magunia, sebule ipate kukauka.

Wageni walifika kabla ya saa sita. Kazimili alikuwa mtu mrefu, mfugaji aliyetoka Shinyanga zamani akajenga Nyakisasa, na Kiswahili chake kilikuwa bado kinatumbukiza l mahali pa r. Alikuja na mke wake Ernesta na mdogo wake, mwanamume mfupi mwenye koti zito. Kijana mwenyewe, Luhende, aliyekuwa akinunua mahindi Biharamulo na huko ndiko alikoonana na Esperansia, alibaki nje kwenye kivuli cha bati kama desturi ilivyotaka.

Mwalimu alikuwa mwenyeji mzuri ajabu. Alivaa suti yake ya kijivu, akawauliza habari za mvua za Nyakisasa, akawaeleza kwa nini maharage ya hapa Kirushya yanaiva haraka kuliko ya kwingine. Ernesta alikuwa anazitazama kuta kwa kificho, na Kazimili alilifuata jicho la mke wake.

"Nyumba nzuli, Mwalimu," akasema. "Hizi langi ni moja au ni mbili?"

"Ah!" Mwalimu akainua mikono. "Nilichagua moja, mama huyu akaleta ya kwake. Ukiingia nyumba ya mwalimu mstaafu, ujue mwalimu mkuu ni mwingine."

Wageni wakacheka sana. Francisca alikuwa anamimina soda. Aliendelea kumimina, akatabasamu, na Esperansia, aliyekuwa amepiga magoti akisambaza vitambaa, hakuinua macho.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Kazimili akajitambulisha, akataja ukoo wake, akasema wamekuja kuomba jiko katika nyumba hii. Mwalimu akajibu kwa hotuba ndefu yenye mpangilio, akaeleza malezi ya binti yake, akataka kujua kama kijana anakunywa pombe na kama anasali Jumapili, na mwishoni akasema kwamba yeye kama baba hana kipingamizi, mambo ya mahari yatapangiwa siku yake. Ernesta akapiga vigelegele. Chakula kikaletwa, ndizi kwa nyama ya mbuzi, na watu wakala wakashiba.

Baada ya kula, Mwalimu alitoka uani kunawa mikono. Alikawia kidogo. Aliporudi alisimama mlangoni, akawatazama watu waliokaa sebuleni mwake, na uso wake ukachangamka kwa adabu ile anayopewa mgeni asiyefahamika.

"Karibuni, karibuni sana," akasema. "Samahanini, sikuwa nimejua kuna wageni. Mmetoka wapi? Mna shida gani, niwasaidie?"

Kazimili alicheka, kwa sababu Wasukuma ni watu wa utani na alidhani naye ameanza kutaniwa. Akasubiri Mwalimu acheke. Mwalimu alibaki anatabasamu, akisubiri jibu. Kicheko cha Kazimili kikafa taratibu.

Mdogo wake akasimama, koti likakwaruza kiti. "Kaka, tunachezewa. Mtu amekubali mbele ya mashahidi, amekula na sisi, halafu anatuuliza tumetoka wapi? Hii ni njia ya kutukataa. Wanadhani Wasukuma hatujui kusoma, basi watufundishe."

"Kaa," Kazimili akasema, lakini naye alikuwa amekunja uso.

"Baba!" Esperansia akasema. "Ni wazazi wa Luhende!"

"Luhende yupi?" Mwalimu akauliza.

Francisca alikuwa na sahani za mifupa mikononi. Aliona njia mbili mbele yake, na zote aliziogopa. Angeweza kucheka, akasema, "Mwalimu anawatania," kama alivyosema dukani kwamba ni yeye. Ulimi wake ulikuwa umekwisha kujiandaa. Lakini aliona uso wa binti yake, ule ule uliokuwa ukimpima yeye jana, sasa umegeuzwa kwa baba, umejaa hofu. Akaziweka sahani chini.

"Hamchezewi," akasema. Alisema polepole, akichagua maneno, kwa sababu mbele ya wageni yeye hakuzoea kusema. "Mume wangu anaumwa. Anasahau. Hizi kuta mnazoziona, alisema rangi hii, kesho yake akasema ile, na kila mara ana hakika. Nilidhani ni mimi ninayechanganyikiwa. Siyo mimi. Ni yeye. Naomba msimkasirikie, na msimkatae mwanangu kwa ajili hiyo."

Mwalimu alikuwa anamsikiliza kama anayesikiliza habari za mtu mwingine. Alishika fremu ya mlango. Hakukanusha.

Mdogo wa Kazimili alibaki amesimama nusu, hajui akae au aondoke. Ernesta alimvuta koti, akakaa. Kazimili hakuwa mtu wa maneno mengi, na kwa siku ile alikuwa amekwisha kutumia yote aliyoyaandaa. Kisha akainuka, akavua kofia yake, akamsogelea Mwalimu, akampa mkono kama hawajawahi kuonana.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema, ingawa walikuwa karibu umri mmoja. "Mimi naitwa Kazimili. Natoka Nyakisasa. Huyu ni mke wangu Ernesta, na huyu ni mdogo wangu. Tuna kijana wetu, yuko hapo nje. Tumekuja kuomba binti yako."

Akaanza upya. Akataja ukoo wake tena, kwa mpangilio uleule, bila kuruka mtu. Aliposhindwa kukumbuka neno alilolitumia mara ya kwanza, Ernesta alimkumbusha.

Mwalimu alishika mkono wake muda wote huo. Watu wakasubiri ile hotuba. Haikuja.

"Nashukuru kwa kuja kwenu," akasema mwishoni. "Lakini kabla sijajibu, muulizeni mama yake." Alimgeukia Francisca, akamwangalia kwa makini. "Siku hizi sina hakika na ninayoyasema. Nakuta watu wamekasirika, sijui nimefanya nini. Huyu mama nadhani nimemwonea wiki hii. Sikumbuki nilisema nini, lakini naona uso wake."

Francisca alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Alikuwa amedhani kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa gizani. Kumbe walikuwa wawili, kila mmoja kwenye giza lake, kila mmoja akiogopa kumwita mwenzake.

"Muulizeni yeye," Mwalimu akarudia, akakaa.

Kazimili akamgeukia. Wote wakamgeukia, hata Luhende aliyekuwa amesogea dirishani. Francisca hakuwa na hotuba. Aliuliza jambo moja tu.

"Mwanangu akizeeka huko kwenu akaugua, mtamwamkia hivi?"

"Tutamwamkia," Kazimili akasema.

"Basi mimi nimekubali."

Jioni, wageni walipokwisha kusindikizwa, Esperansia alimfuata mama yake jikoni. Waliosha vyombo pamoja, maji yakibadilishwa mara kwa mara.

"Nisamehe, mama. Jana nilifikiri ni wewe."

"Hata mimi nilifikiri ni mimi," Francisca akasema. "Nipe hicho kikombe."

Binti alikaa siku chache zaidi, wakampeleka Mwalimu hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwambia Mwalimu ataje mwezi, ataje vitu vilivyokuwa mezani baada ya kufunikwa, achore saa. Mwalimu alichora duara zuri kabisa, duara la ubaoni, kisha akaweka namba zote upande mmoja. Aliitazama kazi yake, akajua kuna kosa, lakini hakuweza kuona liko wapi. Daktari alisema ni ugonjwa, siyo uzee tu, wala siyo kulogwa. Alisema hauponyeki lakini mtu hutunzwa, na kwamba kubishana naye hakutasaidia kitu. Dawa alizowapa zilikuwa za presha.

Esperansia alirudi Biharamulo. Siku ya mahari ikapangwa, na Kazimili alituma salamu kwamba asiyeweza kukumbuka asisumbuliwe, wao watakuja na kujitambulisha mara nyingi kadiri itakavyohitajika.

Bukuru alirudi kumalizia sebule siku ya mvua nyepesi. Alizifungua ndoo zote mbili, akazikoroga kwa vijiti viwili tofauti, akasimama na rola kavu mkononi.

"Mama, nipige ipi?"

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, redio ndogo magotini. Francisca alimwangalia. Katika maisha yao yote hakuwahi kupewa jambo la nyumba hii kuliamua peke yake, na sasa alipopewa, hakuwa na hamu nalo.

"Mwalimu, tumalizie na ipi?"

Mwalimu aliinuka, akazisogelea ndoo, akainama. Alitazama moja, akatazama nyingine. Akachovya kidole katika kila moja, akaviinua vidole viwili kwenye mwanga.

"Wewe unazionaje?" akamwuliza.

Francisca alivitazama vile vidole. Alikuwa amedanganya dukani, akatabasamu mbele ya wageni, akalala na mashaka, kwa ajili ya rangi hizi.

"Mimi sioni tofauti yake, Mwalimu. Sikuiona tangu siku ya kwanza."

Mwalimu akavitazama tena. Mabega yake yakaanza kutikisika, na ikachukua muda Bukuru kujua kwamba anacheka.

"Hata mimi," akasema. "Hata mimi, mama, sioni."

Walicheka wote wawili hadi Francisca akahitaji kushika ukuta uliobaki na plasta tupu, na ukuta ukamwachia vumbi jeupe kiganjani. Mvua iliongezeka kidogo kwenye bati. Bukuru alisubiri kwa heshima, kisha akahisi siku inakwenda.

"Kwa hiyo nipige ipi?"

"Piga hiyo iliyo karibu na mguu wako," Francisca akasema.

Fundi alichovya rola, akaanza pembeni mwa dirisha. Mwalimu alirudi kwenye kiti chake, akafuta vidole kwa leso, akawa anafuatilia mkanda mpana wa rangi mbichi ukipanda ukutani. Baada ya muda alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Vizuri," akasema. "Ndiyo niliyoichagua tangu mwanzo."

Bukuru akageuka kumtazama Francisca.

"Ndiyo hiyo, Mwalimu," Francisca akasema, akavuta kigoda, akakaa karibu naye.